Daftari la Kome

Mwezi wa saba. Loleza imejifunika blanketi hadi puani,
na Somoe wa Kilwa Kivinje, aliyehamishiwa maabara yetu,
anapuliza vidole juu ya darubini, ananiuliza:
"Tuse, mji mkubwa wote huu,
hakuna pa kula kome?"

Nikacheka; Tusekile ndiyo kazi yake.
Kilomita mia nane na ushei toka kwenye chumvi, dada!
Hapa tuna viazi, tuna parachichi za kuokota,
tuna baridi ya kumgawia kila mgeni.
Hakucheka. Akatoa daftari la kliniki,
akapiga mstari, akaandika: Kome. Mbeya. Alama.

Tukaanza Kabwe, kwenye hoteli ya ghorofa yenye lifti mbovu.
Picha yao imo kwenye menyu, weusi, wamemwagiwa ndimu.
"Wameisha," akasema mhudumu.
Wameisha lini?
"Tangu nianze kazi hapa."
Somoe akaandika: Picha, nzuri.

Forest wakatuletea kweli,
waliogandishwa, kumi na wawili kwenye bakuli,
kwa bei ya debe la viazi na nauli ya kulifikisha nyumbani.
Saba wamefunguka. Watano kimya.
Mhudumu, kijana mwema, akaja na kisu atusaidie.
Somoe akamshika mkono.
"Asiyefunguka motoni, mwache.
Huyo alikufa kabla ya safari."
Akawatenga watano ukingoni mwa sahani
kama karani anayerudisha fomu zisizojazwa.

Mwanjelwa, kwa mama Atupele, hawajui hata jina.
Somoe akaeleza kwa viganja: kinafungwa hivi, kinafunguka hivi,
ndani kuna nyama, laini, ya machungwa.
"Ahaa! Konokono!"
Wateja wawili wakahamisha viti vyao.
Tukapewa mbasa wa Matema, na wali wa Kyela unaonukia hadi barabarani,
akala mpaka mfupa ukawa mweupe.
"Mtamu," akasema njiani. "Mtamu sana.
Ila samaki gani huyu
asiyeijua chumvi mpaka afike jikoni?"
Hilo hakuliandika. Nililiandika mimi.

Ndipo mdogo wake, Shamte, akatuma deli kwa basi.
Alfajiri stendi, konda amefura:
barafu imeyeyuka, maji yamelowesha gunia la vitenge vya watu,
abiria wamesafiri wameziba pua toka Mikumi.
Tukalipa faini isiyo na risiti.
Tukalibeba deli hadi Iyunga, kila mtu na mpini wake,
mbwa watatu nyuma yetu.

Jiko la mkaa. Nazi ndogo kama ngumi. Pilipili mbuzi.
Kome sitini sufuriani, sisi tumechuchumaa,
tunasikiliza.
Tk.
Somoe akafumba macho.
Tk. Tk.
Kumi na tisa. Basi.

Yeye kumi, mimi tisa.
Kwanza nikaonja chuma, kisha maziwa,
kisha kitu ambacho Kinyakyusa hakijanipa neno lake.
Nikamwuliza ni nini.
"Mwani," akasema, na mchuzi kidevuni,
akaendelea kula.

Arobaini na mmoja tuliwazika nyuma ya choo.
Usiku mbwa wa mzee Mwasandube wakawafukua,
na uani kukanuka wiki nzima
kama Kivinje maji yakipwa, alisema Somoe,
peke yake akivuta pumzi kwa nguvu
wakati wapangaji wote tumefunga madirisha.

Desemba wakamhamishia Lindi.
Daftari akaondoka nalo, sijui alituandikia ngapi.
Mimi nina gamba moja, kwenye kopo la chumvi.
Nachotea. Ni dogo kuliko kijiko,
hivyo natia mara mbili, mara nyingine tatu,
na siku hizi wageni wakila kwangu
wanaomba maji.